Linauzwa Zima

Jumapili, 3 Machi

Mume wangu! Naandika tena ili nione linavyokaa kwenye karatasi – mume wangu. Neno bado jipya mdomoni kama kiatu cha dukani. Linabana kidogo, na silivui ng'o.

Mchana kutwa tumekaa ndani ya gari. Hatukwenda popote! Gari lenyewe liko chumbani, nyuma limeinuliwa juu ya matofali, halina kioo cha mbele wala viti. Kuna fremu tupu za viti, nami nimezitandika mito. Yeye kwenye usukani, mimi pembeni yake. Akanizungusha dunia. Kona, mlima, daraja, bahari upande wangu. Honi akapiga kwa mdomo. Tulipofika ufukweni akazima injini ambayo haikuwa imewashwa, akanibusu.

Nieleze vizuri, ili siku nikiwa kikongwe nisome nikumbuke. Chumba hiki ndicho tulichopewa siku ya harusi, mbele ya watu, makofi yakapigwa. Chumba cha maharusi! Kasoro moja tu: kina gari ndani. Kwa hiyo tunalala sebuleni kwa mama mkwe, nyuma ya pazia nililolishona mwenyewe. Zito, la mikunjo minene, lakini pazia halina komeo. Mama huamka alfajiri kutafuta miwani yake, na miwani hiyo kila siku imelala upande wetu.

Gari ni la Kiingereza, la michezo, la watu wawili, halina paa, pua ndefu kama ya mtu anayejiona. Marehemu baba mkwe alilinunua likiwa chuma chakavu, akaanza kulifufua. Alipofariki, mume wangu akaendelea. Injini imekwisha kutengenezwa. Gia nazo. Mbele limepakwa kijani kinachong'aa; kuanzia mlangoni kwenda nyuma bado ni kijivu cha rangi ya chini. Ukilitazama ubavuni utadhani limevaa shati likasahau suruali. Nyumba nzima wanaliita Mwingereza.

Na ni humu aliponiomba nikubali kuwa wake. Hakuwa na pete. Akafungua mkebe wa baba yake, akatoa wosha ya shaba, kile kipete kinachokaa chini ya nati, akanivika. Ikanienea barabara! Akasema ni ya inchi, kwamba Mwingereza hakubali kitu cha milimita, nati zake zote ni za kizamani, mkaidi kuliko punda. Akasema na yeye ndivyo alivyo: kipimo chake ni kimoja, na ni mimi. Sasa hapo nani angekataa?

Nakuficha kwenye kijisanduku cha dashibodi, shajara yangu. Hakuna anayekifungua ila mimi.

Jumatatu, 4 Machi

Dukani leo mapazia ya hoteli, yote rangi ya uji. Bosi wangu, mama wa watu, mkono wake haunyimi na mdomo wake hauna mwiko. Akaniuliza mbele ya mafundi wote mke mwenzangu hajambo. Ndivyo wanavyoliita gari. Eti mimi nimeolewa mke wa pili, mke mkubwa yuko chumbani, mimi niko sebuleni na mkeka!

Nikamjibu mke mwenzangu hasengenyi, hali, haombi nguo mpya, na mume akichoka nasukuma mimi. Wakacheka mpaka cherehani zikasimama.

Wacheke. Mimi nimelala nimeshikwa mkono usiku kucha. Wao je?

Jumatano, 6 Machi

Anataka kuliuza.

Alirudi kazini – anatengeneza mafriji, nguo zake zinanukia gesi na baridi – akaketi ukingoni mwa godoro bila kuvua viatu. Akasema ameniona leo asubuhi nikivaa nimechuchumaa nyuma ya pazia. Akasema mwanamume mwenye chumba hawezi kumwacha mkewe avae kama mwizi. Mwingereza aondoke. Aliyasema yote akivitazama viatu.

Nikamwambia sikuomba chumba. Nikamwambia chumba ninacho, kina magurudumu mawili. Hakucheka. Mume wangu asipocheka ujue jambo limefika mfupani.

Nikalia. Kisha hasira zikanipanda. Watu watasema bibi arusi kaingia, gari la marehemu likatoka! Na wasipolisema hilo watasema bibi arusi kashindwa hata kumtolea mumewe chuma chumbani. Nikikaa kushoto ni mimi, nikikaa kulia ni mimi. Basi kama ni mimi, na iwe mimi kweli. Nikamwambia: unauza kwa ajili yangu, kwa hiyo namna ya kuuza naisema mimi. Litakwenda kwa mtu atakayelipenda. Na litakwenda lote.

Aliposikia "lote" akajikuna sikio. Muda mrefu. Akasema, "Tutaona, mpenzi."

Hilo sikio lina neno. Nitalijua tu.

Ijumaa, 8 Machi

Shemeji amekuja. Huyu ni kaka mkubwa wa mume wangu, fundi mwashi, mikono kama miko yake mwenyewe. Ni mtu mwema. Naandika hivyo kwanza, kabla sijaandika mengine.

Alikuja na mtu wa vipuri, wa lile duka lenye milima ya milango ya magari. Wote wanamwita Vipuri, na yeye anaitika. Vipuri hakusalimia gari. Alitoa chaki mfukoni, akaanza kulichora! Msalaba kwenye kabureta. Msalaba kwenye ringi za spoki. Mstari mrefu katikati ya ubavu, pale kijani kinapokutana na kijivu, eti hapo ndipo msumeno utapita, pua ataichukua mtu wa mgahawa aitundike ukutani. Pua! Ukutani! Kama kichwa cha swala!

Nilimtazama mume wangu. Alikuwa ameshika spana ya baba yake, ya inchi, anaigeuzageuza. Uso wake ulikuwa wa mtu anayetolewa jino bila ganzi.

Nikachovya upindo wa gauni langu kwenye ndoo. Nikafuta. Msalaba mmoja baada ya mwingine, taratibu, na Vipuri akinitazama chaki mkononi. Akamuuliza shemeji huyu ni nani. Shemeji akasema ni mke wa mdogo wangu. Vipuri akasema basi mwambieni gari hili ni maiti, na maiti hugawanywa kwa warithi.

Nikasema, "Halikatwi. Linauzwa zima."

Gauni langu la kijani limeingia chaki, haitoki. Nimelivaa hivyo hivyo mpaka jioni. Shemeji akaondoka akitikisa kichwa. Mlangoni akaniambia kwa upole, "Shemeji, hujui unachosema."

Kwa nini wote wanaongea kama kuna kitu mimi sijui?

Jumamosi, 9 Machi

Nimeandika bango! Ubao wa kabati kuukuu, rangi nyeupe, herufi za kijani kile kile cha Mwingereza:

GARI LINAUZWA ZIMA

Nimelitundika getini. Mama akatoka na miwani (leo ilikuwa kichwani) akalisoma akaguna. Akasema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamwambia, "Mama, hili halina tairi za nyuma, litajitembezaje?" Akageuka haraka, lakini nimeuona mgongo wake ukicheka.

Sasa sikia balaa. Kabla ya saa sita amefika baba mmoja amevaa suti, na mkewe, na watoto, na mwavuli. Wamekuja kulichukua. Kulichukua na kuondoka nalo, wakatembee! Nikafunua turubai. Yule baba akatazama matofali, akatazama fremu za viti. Akaniuliza kwa adabu mbona bango linasema zima.

Nikasema ndiyo, zima. Yaani lote.

Akasema lote analiona, lakini je, ni zima?

Nikasema ni zima, halijakatwa.

Akasema hata mtu aliyelazwa hospitali hajakatwa, lakini hatuwezi kusema ni mzima.

Mume wangu alikuwa ameegemea mlango, amejiziba mdomo. Hajacheka hivyo tangu Jumatano. Baada ya wale kwenda alianguka kwenye mito akicheka machozi, akaniambia nikaongeze maneno: "lakini bado halitembei." Nimekataa. Herufi zangu ni nzuri. Neno ni sahihi. Kama watu wana zima lao, mimi nina langu.

Wamekuja wengine mpaka jioni. Kila mmoja amekasirika kwa Kiswahili kile kile.

Jumanne, 12 Machi

Amekuja mtu! Mtu hasa!

Daktari wa meno mstaafu. Mwanamke, nywele nyeupe fupi, suruali ya kaki, anatembea kama anakwenda kumkamata mtu. Amesoma bango, hakuuliza neno zima maana yake nini. Ameuliza tu, "Liko wapi?"

Alitoa mkobani kile kioo chao kidogo chenye mpini, cha kutazamia magego. Akalala sakafuni! Chali, juu ya simenti, akaingiza kioo chini ya gari, akalikagua tumbo lote. Akawa anasema peke yake: hapa pazuri, hapa pameziba, hapa kuna tundu kama la gego. Mume wangu akalala naye upande wa pili akimjibu. Naona miguu minne tu, na sauti za watu wawili wanaozungumza kama wamekutana utotoni. Mume wangu akamsimulia jinsi baba yake alivyoichonga bawaba ya boneti kwa tupa kwa sababu haikupatikana dukani. Daktari akasema, "Alikuwa na mkono." Mimi huku juu nilikuwa nimeshaanza kulia, wacha nikiri.

Daktari akainuka, akajipangusa. Akasema halitaki kwa ajili ya kulitundika wala kulifunika. Ametazama vinywa vya watu maisha yake yote, sasa anataka kutazama barabara. Kama litawaka, na kama litatoka kwa magurudumu yake lenyewe, atalichukua lilivyo, rangi mbili na yote, aendelee nalo.

Halafu akageuka akatazama mlango wa chumba. Akapima kwa macho. Akatazama gari. Akasema, "Kijana, hili liliingiaje?"

Mume wangu alijikuna sikio.

Nami nikauona. Maskini mimi, nimekaa humu majuma na majuma nikipanda milima na madaraja, sijauona! Mlango wa chumba unapitisha mtu na ndoo. Gari halipiti. Na ukuta wa mbele, ule wenye dirisha zuri la fremu ya buluu, plasta yake ni mpya kuliko kuta nyingine zote. Hapo palikuwa na mlango mkubwa wa mbao, wa gari; siku ya wosha niliupita bila kuutazama, macho yote kwake. Shemeji aliuziba kabla ya harusi. Zawadi yetu! Alitaka chumba kiwe chumba, si banda. Akajenga ukuta, akaweka dirisha, akapaka buluu, na Mwingereza akiwa ndani. Kwa sababu yeye alijua gari litatoka vipande vipande tu. Hakumuuliza mtu.

Na mume wangu alirudi kazini siku ile akaukuta ukuta, na kaka yake amesimama mbele yake, simenti mpaka kwenye nyusi, anatabasamu. Akashindwa. Akasema, "Asante, kaka." Ndilo neno lililokuwa kwenye sikio wakati wote huu.

Daktari akasema atarudi Jumamosi ya wiki ijayo. Tukiwa na mlango.

Alhamisi, 14 Machi

Kikao. Mama kwenye kiti chake, shemeji kwenye stuli, sisi wawili kwenye godoro letu tulilolikunja.

Mume wangu alianza vizuri, akashukuru, akasema ukuta ni mzuri. Alisifu ukuta mpaka nikaona kwa sifa hizo utabaki. Nikamsaidia. Nikasema tunaomba ruhusa tuubomoe.

Mama akasema bibi arusi hajamaliza hata sabuni ya harusi, keshataka kubomoa nyumba.

Nikasema, "Sibomoi nyumba, Mama. Nafungua mlango wa baba."

Sijui nilipata wapi. Lilitoka tu. Mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akaivua tena.

Lakini shemeji! Heri angefoka. Alizungumza chini chini, akitazama viganja. Akasema wengine walileta vyombo, wengine mashuka. Yeye hana cha dukani, ana mikono. Alijenga baada ya kazi za watu, siku zote zile, akiwa amechoka. Buluu ile aliichagua mwenyewe. Akasema tukitaka kuuvunja ukuta tuuvunje, lakini mwiko wake hautagusa. Akaondoka bila kunywa maji.

Nampenda shemeji yangu. Na ukuta utavunjwa. Yote mawili ni kweli, nami sitaki kuambiwa nichague.

Jumapili, 17 Machi

Siku tatu shemeji hajaja. Mama anaweka sahani yake mezani, anaiondoa.

Nimeshona viti! Bosi kanipa kipande cha ngozi bandia nyekundu kilichobaki kwenye viti vya saluni. Sponji nimekata mwenyewe, mishono miwili miwili, ukingo mweupe. Kijani, kijivu na nyekundu – Mwingereza sasa ni bendera ya nchi isiyokuwepo! Tairi za nyuma nazo zimefungwa. Limeshuka kwenye matofali, limesimama kwa miguu yake, na nilipoketi lilinesa kidogo kama linashusha pumzi.

Tulikaa ndani. Nikangoja anipeleke ufukweni. Hakuwasha.

Akasema amefikiri. Vipuri anaweza kuja Ijumaa. Ringi, kabureta, pua. Kaka atarudi mezani, Mama atatulia, mimi nitapata chumba chenye dirisha. Ni chuma tu, akasema. Akasema huku kidole chake kinapita kwenye bawaba ile ya boneti aliyoichonga baba yake, huko na huko, huko na huko. Ni chuma tu!

Naandika niliyomwambia, maana nataka kuyakumbuka sawasawa.

"Mimi nilikuchukua mzima. Sikusema nipeni mikono yake, sikio kaeni nalo."

Akatabasamu kidogo. Akasema kwamba yeye mwenyewe hajakamilika, nimtazame: hana nyumba, hana biashara yake, ana nusu ya gari. "Sasa mzima huyo yuko wapi?"

"Kutokamilika si kuwa vipande," nikasema.

Akaniangalia. Kisha akachukua mkono wangu, akaizungusha ile wosha kidoleni, polepole, kama mtu anayekaza nati. Akasema, "Kona. Shikilia." Tukaenda mpaka ufukweni!!

Vipuri hatakuja Ijumaa. Akija, ndoo ipo na gauni lipo.

Alhamisi, 21 Machi

Nimekwenda kumwona shemeji kazini kwake, peke yangu. Anajenga uzio wa shule. Nilimbebea chakula na kumwambia Jumamosi asubuhi tunavunja. Nikasema sikuja kuomba, nimekuja kualika.

Akauliza nani atavunja. Nikasema mimi.

Akanitazama mikono. Akaendelea kupanga matofali. Alipomaliza mstari akasema nisipige katikati. Basi. Nami sikuuliza.

Jumamosi, 23 Machi

Asubuhi. Mbingu imefunga. Mume wangu amejaza mafuta kidogo, betri ya kuazima, rediata maji. Nimefungua dirisha la buluu kwa mara ya mwisho. Limefunguka bila kelele, bawaba zimetiwa mafuta. Aliyelitengeneza alilipenda. Nikaliomba radhi, kweli, kwa sauti. Fremu tumeitoa nzima, nimeiweka juu ya godoro letu.

Naenda kushika nyundo.

Mchana. Niko ndani ya gari! Mwandiko huu unatetemeka kwa sababu injini inatetemeka, si mimi. Mimi niko imara kama mwamba. Naandika haraka.

Nilipiga nyundo ya kwanza. Kikatoka kipande cha plasta kama kidole. Nyundo ya pili – vumbi. Mama alikuwa uani, mikono kiunoni, anasema hawa ndio maharusi wa siku hizi. Mume wangu akaomba nyundo, nikamnyima. Mimi ndiye niliyesema zima. Ya tatu nikapiga juu, karibu na lenta, ile zege inayobeba ukuta wa juu, kwa nguvu zangu zote.

"Si hapo! Utatuangushia paa!"

Shemeji. Alikuwa getini, sijui kwa muda gani, na nguo za kazi. Akaingia bila kumsalimia mtu. Akaninyang'anya nyundo kama mtu anavyomnyang'anya mtoto kisu. Akasema hawezi kusimama akitazama ukuta mzuri unauawa vibaya. Kama ni kufa, ufe kwa heshima. Akaanza pembeni, chini ya lenta, tofali moja moja. Anagonga, anatikisa, analitoa zima, anampa mdogo wake, naye analipanga kando ya uzio. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wanasema. Wakipatana, ondoka njiani! Sikuambiwa, niliondoka mwenyewe.

Tofali, tofali, tofali. Halafu nikasikia shemeji akisema simenti aliyotia ilikuwa nyingi mno, na mume wangu akasema ndiyo maana nilikuambia ukuta mzuri, na wote wawili wakacheka huku wamejaa unga mweupe kama waokaji.

Mwanga ukaingia. Jua sikuliona, lakini mwanga! Kwa mara ya kwanza nimemwona Mwingereza kwenye mwanga kamili. Kijani chake si kile ninachokijua. Kinaelekea kwenye buluu kidogo. Shemeji akakitazama, kisha akasema buluu yake ya dirisha aliichagua kwa kukumbuka rangi hii. Rangi ya gari la baba. Alikumbuka vibaya, basi.

Daktari akafika, kioo chake mfukoni. Mume wangu akaketi, akabonyeza stata. Likakohoa. Akabonyeza. Likakohoa tena, likatoa moshi mweusi, Mama akarudi nyuma. Mara ya tatu – ee Mungu wangu! Lilinguruma mpaka kuku wa jirani wakaruka uzio! Nikajirusha kwenye kiti changu chekundu. Tukatoka. Polepole, gia ya kwanza, tukipita pale palipokuwa na ukuta, vumbi likitushukia kichwani kama mchele wa harusi. Mama akafunika uso kwa mikono yote miwili, na nikaona anatazama katikati ya vidole. Tukafika getini, chini ya bango langu. Breki ya mkono. Injini inaendelea kunguruma.

Daktari akalizunguka. Akashika bawaba ya boneti, akaifungua, akaifunga. Akaniinamia akasema, "Shuka, binti, nikae nilisikilize."

Sikushuka.

Sikupanga. Miguu imegoma. Nikamwambia kwa adabu, daktari, subiri kidogo. Hakukasirika. Alinitazama kama anavyotazama jino ambalo hajaamua kama ni la kung'oa. Akamwita mume wangu pembeni, wako pale kando ya uzio wakizungumza. Yeye ameshika mkoba. Mume wangu anatikisa kichwa, sijui ni ndiyo au ni siyo, ukimtazama kwa nyuma vyote vinafanana.

Matone yameanza. Chumba chetu sasa kina mlango wa gari usio na mlango. Gari liko nje, halina paa. Sisi tuna godoro lenye dirisha juu yake. Hatujawahi kuwa maskini namna hii wala matajiri namna hii!

Moshi umejaa ua wote. Mama anakohoa, anapunga mkono, ananiita mwanangu, ananiambia, "Zima! Zima!"

Nami nimemjibu kwa sauti, mbele ya daktari, mbele ya shemeji mwenye tofali mkononi: "Ndiyo, Mama! Zima!"

Shemeji kaangusha tofali kwa kicheko. Daktari naye anacheka huko alipo, ameshika ubavu. Ufunguo uko hapa, karibu na goti langu. Sizimi.

Mume wangu amegeuka. Anakuja. Amelowa mabegani, ana vumbi kwenye kope, hajawahi kuwa mzuri hivi. Akija upande wa usukani nitajua linabaki kwetu. Akija upande wangu, kunifungulia mlango nishuke, nitajua pia. Yuko mbele ya pua sasa. Amesimama pale katikati, mkono mmoja juu ya boneti, ananitazama mimi, si gari –